Bori na Sauti Isiyo Yake

Mama Mdogo Bori hakuwa mtu wa sinema. Alikuwa mtu wa tambi. Asubuhi zake zote za Los Angeles alizipitisha jikoni, unga umemfika kwenye viwiko, akisukuma donge la ngano na mayai mpaka liwe jembamba kama shuka, kisha akilikata kwa kisu kirefu kwa kasi iliyonifanya nivionee huruma vidole vyake. Tambi zilianikwa juu ya migongo ya viti, juu ya kamba, na zilipozidi, juu ya kitanda cha mgeni. Mgeni nilikuwa mimi. Nilihamia kwao nilipotoka kijijini kwetu, huko kwa Wahungari kando ya mto Szamos, nikiwa na sanduku moja na salamu za mama yangu kwa mdogo wake, na sikuondoka tena.

Mumewe, Baba Mdogo Gáspár, alikuwa fundi viatu. Zamani, walipoishi Cleveland, alifanya kazi kwenye karakana ya boila, yale matangi ya chuma ya mvuke, akipigilia mabati kutwa kucha, na kelele zile zikamla masikio yote mawili. Alikuwa hasikii hata ukigonga sufuria nyuma ya kichwa chake. Lakini mtazame usoni, useme naye Kihungari, anakuelewa neno kwa neno kwa kuangalia midomo tu. Kiingereza kilimshinda. Alikuwa akisema, kwa sauti kubwa kama ilivyo kwa watu wasioisikia sauti yao wenyewe, "Hawa hawafungui midomo! Wanazungumza kama watu waliobana misumari mdomoni!"

Walikuwa na mtoto mmoja, Julis, na alikuwa amekufa. Alikufa Cleveland kwa ugonjwa wa koo kabla mimi sijavuka bahari. Jina lake halikutajwa nyumbani mle. Picha yake ilikuwepo, juu ya kabati la vyombo, msichana mwenye paji pana la uso anayemkunjia uso mpiga picha. Zaidi ya hapo nilijua kile tu walichokijua watu wote wa kanisa letu: kwamba Gáspár alikuwa kazini siku ile, na kwamba mtoto alikata roho mikononi mwa mama yake.

Mimi nilipata kazi studio, chumba cha mavazi. Filamu zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kusema, na kila studio ilikuwa mbioni. Mwaka ule yetu ilikuwa inatengeneza filamu ya mnyonya damu. Bwana mmoja mwenye jumba la mawe mlimani amekufa zamani, ila hajakubali. Mchana analala ndani ya jeneza. Jua likizama anaamka, anavaa joho lake na kwenda kufyonza shingo za wasichana. Mlima wenyewe, wakasema wakubwa wa studio, ndio mlima wa kwetu. Mimi nimezaliwa chini ya mlima huo na bwana huyo sijapata kumsikia, lakini nani aliniuliza?

Nilishona. Nguo nyeupe tulizichovya kwenye chai, maana nyeupe tupu iliwaka kama taa mbele ya kamera. Damu ilikuwa sharubati nzito ya chokoleti. Mnyonya damu mwenyewe alikuwa kijana mpole wa Nebraska, kapakwa uso rangi ya kijani, kwa sababu kwenye filamu isiyo na rangi kijani ndiyo hutoka kama maiti. Meno yake ya bandia hayakumruhusu kutafuna, kwa hiyo saa ya chakula alikaa juu ya jeneza lake akinywa supu kwa mrija na kumwuliza kila apitaye kama kuna barua yake kutoka nyumbani.

Siku moja nilisahau miwani yangu nyumbani. Mama Mdogo Bori akaniletea, akiwa na kitambaa chake cheusi kichwani na unga bado kwenye mikono. Alikuwa amesimama mlangoni pa jengo letu akiushangaa utando wa buibui, ambao ulikuwa gundi ya mpira inayopulizwa kwa feni, pale Bwana Pruett, mwongozaji wa filamu, alipopita. Akapita, akasimama, akarudi kinyumenyume.

"Huyu nani?"

"Mama yangu mdogo, bwana."

"Aje kesho. Na kitambaa hichohicho. Msimwoshe."

Jioni ile nilimweleza mama mdogo akiwa anakata tambi.

"Nifanye nini huko?"

"Wewe ni mwanamke wa kijijini. Mtoto wako amefyonzwa damu. Unaingia asubuhi unamkuta amekufa, unalia. Basi."

Kisu kiliendelea kukata. "Mtoto wa nani?"

"Wa kwenye hadithi tu, mama mdogo."

"Wa kike?"

"Wa kike."

Alizikusanya tambi, akazianika kambani moja moja. Kisha akasema, "Haya. Nipigie pasi ile sketi nyeusi."

Kesho yake walimpeleka ndani ya kibanda cha mbao kilichokosa ukuta mmoja. Kitandani alilala mtoto mwigizaji mwenye nywele za kuazima, aliyetafuna chingamu mpaka dakika ya mwisho, kisha akaibandika chini ya kitanda. Nje ya dirisha mashine ya ukungu ilikuwa inanguruma kama lori linalopanda mlima. Mama Mdogo Bori alinitafuta kwa macho kule nyuma ya taa nilikosimama.

"Etelka! Muulize niseme nini."

Nikamuuliza Bwana Pruett. Akapunga mkono. "Chochote. Kwa lugha yenu. Hakuna atakayeelewa."

Nikamfasiria mama mdogo. "Anasema useme lolote lile."

"Lolote lile," akarudia, kama mtu aliyepewa kitu mkononi asijue akiweke wapi.

Wakawasha taa. Aliingia, akakiona kitanda, akapiga magoti. Niliuona mgongo wake tu. Nilijua anasema kwa sababu kitambaa kilikuwa kinatikisika, lakini mashine ya ukungu ilimeza kila kitu. Ilipokwisha hakuna aliyesogea. Fundi wa taa, mtu mzima mwenye mikono kama makoleo, alivua kofia. Bwana Pruett alisema neno moja tu, "Inatosha," na sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

Mama Mdogo Bori akainuka, akapangusa magoti, akaja moja kwa moja hadi nilipo.

"Nimesema?"

"Umesema."

"Nimesema nini?"

"Sikusikia, mama mdogo. Mashine."

Alinitazama kwa muda. "Mimi pia sikusikia," akasema. Tukapanda tramu tukarudi nyumbani, na hakulitaja tena.

Filamu ilipotoka, kanisa zima lilitaka kwenda. Mchungaji alisema mambo ya wafu wanaotembea hayamfai Mkristo, kisha akauliza maonyesho ya mchana yanaanza saa ngapi. Jumamosi tukajaza safu mbili nzima za jumba la sinema la mjini, wanaume wamevaa tai, wanawake wamevaa kofia. Sarolta Dudás, mke wa kiongozi wa kwaya, alikaa katikati na kofia yenye manyoya ya jogoo, akawa anatutangazia kila kitu kabla hakijatokea.

Baba Mdogo Gáspár alikaa kati yangu na mkewe. Midomo ya Kiingereza haikumpa kitu, kwa hiyo akawa anaitunga filamu mwenyewe. Alimwona bwana mwenye joho zuri akiingia vyumbani kwa wasichana walio wagonjwa, akiwainamia kitandani, kisha akiondoka.

"Daktari huyu anafanya kazi sana," akaniambia kwa sauti iliyofika safu ya mbele. "Lakini dawa zake mbovu. Wote wanazidi kuumwa."

"Si daktari, baba mdogo. Ndiye anayewaua."

"Ndiyo maana nasema mbovu!"

Halafu ikaja sehemu ya Mama Mdogo Bori. Kibanda, ukungu dirishani, mlango ukafunguka. Uso wake ulijaa ukuta mzima. Watu wetu wakavuta pumzi, na mimi nikajisikia kichwa kikubwa kana kwamba nimemzaa. Alipiga magoti, akafungua mdomo.

Ikatoka sauti ya msichana. Sauti changa, yenye nguvu, inayolia kwa uchungu wa kukata maini, kwa Kihungari safi:

"Kabichi ya kujazwa nyama, sahani mbili! Mbili! Na mkate, ewe Mungu wangu, na mkate! Krimu imekwisha! Imekwisha jamani, imekwisha!"

Mwanamke wa Kimarekani mbele yetu alikuwa anajifuta machozi. Ukumbi wote ulikuwa kimya kama kanisani, isipokuwa safu mbili zetu, ambazo kwa muda zilikosa hata kupumua. Kisha Sarolta Dudás akatoa mlio kama wa kuku aliyekanyagwa, na safu zote mbili zikaangua kicheko. Mchungaji alicheka mpaka akainamia magoti. Watu wa mbele wakageuka kututazama kwa chuki, sisi tunaocheka mama akifiwa.

Nilimgeukia mama mdogo. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mkoba, akiutazama mdomo wake mwenyewe pale ukutani ukiagiza kabichi. Na baba mdogo alikuwa analia. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye tai. Alitutazama sisi tunaocheka, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeamka katikati ya nyumba asiyoijua. Kisha akasimama, akakanyaga miguu ya watu wote wa safu, akatoka.

"Ameona aibu," Mama Mdogo Bori akaniambia. "Nimemtia aibu."

Tangu hapo mambo yakawa hayaeleweki nyumbani. Baba mdogo alihamishia godoro lake kwenye kibanda cha viatu nyuma ya nyumba. Alikula mkate amesimama, akiwa ametugeuzia mgongo, na mtu anayeelewa kwa macho akikupa mgongo amekufungia mlango. Mama mdogo hakuthubutu kumzunguka ili amwone uso.

Nje nako ilikuwa taabu. Muuza nyama alimwuliza, "Mama Bori, krimu imefika?" Sarolta alimkumbatia mlangoni pa kanisa na kumnong'oneza, "Shoga, sahani mbili na mkate!" kisha akacheka peke yake. Hawakuwa na ubaya. Wangemcheka yeyote.

"Mama mdogo, ile si sauti yako," nilimwambia. "Kila mtu amesikia si yako."

"Mdomo ni wangu."

"Wamebandika sauti nyingine. Wanaweza. Wanaunga sauti kama tunavyounga kitambaa."

"Na ikiwa nilisema hivyo, halafu wao wakatafuta mtu mwenye sauti nzuri akayarudia?"

"Ungesemaje kabichi mbele ya mtoto aliyekufa?"

Aliketi juu ya kitanda changu, katikati ya tambi. "Etelka, mimi sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka napiga magoti, nakumbuka nainuka. Katikati hapana kitu. Sasa mtu asiyekumbuka atakataaje? Tangu asubuhi mpaka jioni mimi nawaza chakula. Pengine ndicho kilichomo kichwani mwangu. Pengine hakuna kingine."

Mimi mwenyewe, kadiri nilivyoulizwa na watu, nilianza kuona kama nakumbuka neno kabichi likitoka kwenye kile kibanda.

Nilikwenda kumwuliza msaidizi wa Bwana Pruett. Alikuwa na haraka. Akasema ndiyo, mashine ya ukungu iliharibu sauti ya siku ile, kwa hiyo walimtuma mtu amlete yule mwanamke wa Kihungari arudie maneno yake.

"Mama mdogo hakuitwa."

"Aliitwa. Alikuja. Kijana wetu alimtoa pale kwenye hoteli ya Wahungari ng'ambo ya barabara."

"Mama yangu mdogo hafanyi kazi hotelini."

Akanitazama kama ninayemchelewesha. "Lakini ni Mhungari?"

Siku hiyohiyo niliporudi nyumbani niliwakuta wote wawili jikoni. Baba mdogo alikuwa ameingia kutafuta gundi, mama mdogo akasimama mlangoni asimpishe. Ilikuwa mara ya kwanza kuangaliana tangu siku ya sinema.

"Gáspár," mama mdogo akasema, akitamka polepole ili amwone. "Nisamehe."

"Kwa nini uliwaambia wao?" Sauti yake ilitikisa vyombo. "Miaka yote hii! Mimi niko nyumbani humu, tunakula meza moja! Ukaenda kuwaambia wao, na taa zao!"

"Sikusema mimi! Haki ya Mungu sikusema!"

"Nimeona ukisema!"

"Ni mtu mwingine, Etelka kaniambia wanaunga! Mimi kabichi sijaitaja!"

Baba mdogo alikunja uso. Alimwangalia mdomoni, akaniangalia mimi, akarudi mdomoni. "Umesema nini?"

"Kabichi! Sikusema kabichi!"

"Kabichi gani?"

"Ile ya kujazwa! Wanayonichekea watu wote!"

"Nani kakuuliza habari ya kabichi, mwanamke?" akafoka, na nadhani yeye ndiye aliyechanganyikiwa zaidi kati yetu sote. "Mimi nakuuliza habari ya nguo!"

Niliona rangi ikimtoka Mama Mdogo Bori usoni, kuanzia kwenye paji kushuka.

"Nguo zipi?" akauliza, lakini hakuwa anauliza.

Ndipo nikaelewa, nikakalia kiti chenye tambi. Alikuwa kiziwi. Katika ukumbi ule wote, yeye peke yake hakuisikia kabichi. Aliutazama tu mdomo wa mkewe, mkubwa kama mlango wa ghala, na mdomo ule ulikuwa bado unasema yale yaliyosemwa siku ile kwenye kibanda.

"Baba mdogo," nikamshika mkono anitazame. "Alisema nini? Tuambie. Yeye mwenyewe hajui."

"Hajui vipi?"

"Hakumbuki. Na sisi tulisikia kitu kingine."

Alitutazama kwa zamu kama anayetafuta ni nani anamfanyia mzaha. Kisha akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alijaribu kuishusha sauti yake, asijue ameishusha kiasi gani.

"Alisema: Julis, nilishuka kuanua nguo tu. Mvua ilianza. Nilikuambia nakuja sasa hivi. Mbona hukunisubiri?"

Tambi zilikuwa zinakatika chini yangu. Hakuna aliyejali.

Mama Mdogo Bori alijishika kwenye meza. "Ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Mtoto alikuwa amelala. Mvua ikaanza, mashuka yote yako uani. Nikamwambia nakuja. Mama wa ghorofa ya chini akanisimamisha kwenye ngazi, ananilalamikia habari ya ndoo. Ndoo, Gáspár. Niliporudi..." Akapangusa unga mezani kwa kiganja. "Ulipofika kutoka kazini uliniuliza, alikuwa mikononi mwako? Ulikuwa unataka sana niseme ndiyo. Nikasema ndiyo."

Baba mdogo aliketi. Alikuwa na kopo la gundi mkononi, akawa analifunga na kulifungua.

"Nilikuonea wivu," akasema. "Unajua hilo? Miaka yote. Nilisema, yeye alikuwepo, alimshika. Mimi nilikuwa napigilia mabati. Ulipokuwa ukimlilia nilikuwa nakasirika moyoni, nasema huyu analilia nini, yeye alipata kumshika. Kumbe hata wewe hukupata."

"Sikupata."

"Sasa sijui," akasema. "Nimekaa kule kwenye kibanda siku zote hizi nikijiuliza kama nimekasirika. Sijui nimekasirika au nini. Nikikasirika, namkasirikia nani? Mvua?"

"Mama wa chini," mama mdogo akasema. "Yule wa ndoo."

Baba mdogo akatoa sauti fulani puani. Sikuweza kujua ni kicheko au kilio, na sidhani yeye alijua. Usiku ule godoro lilirudi ndani.

Kabla filamu haijaondolewa, mama mdogo alitaka kuiona tena. Tulikwenda watatu, mchana wa siku ya kazi, ukumbi umebaki na watu wachache waliokuja kukwepa joto. Bwana wa Nebraska akaamka kwenye jeneza, akafyonza aliowafyonza. Kisha kikaja kibanda. Sauti ya msichana ikaanza kulilia kabichi, na baba mdogo, macho yake yakiwa ukutani, akaanza kusema juu yake, kwa sauti ile ile ya kutikisa vyombo, neno moja baada ya jingine kadiri mdomo ulivyofunguka. Julis. Nilishuka kuanua nguo tu. Mama mmoja akageuka na kumtaka anyamaze. Hakumsikia. Mlinzi wa ukumbi akaja na tochi, akatumulika nyuso, na alichokiona sijui, ila alizima tochi akaondoka.

"Sasa pale mimi ni yupi?" mama mdogo akaninong'oneza. "Yule mwenye sauti, au huyu anayesema hapa?"

"Wewe ni mwenye uso, mama mdogo."

"Hata uso siuoni kama wangu," akasema. Lakini hakuacha kuutazama.

Yule msichana wa hotelini, mwenye ile sauti, alikuja nyumbani mwenyewe, siku chache baadaye. Aliitwa Kamilla, mwembamba, kaja bado amevaa aproni. Habari za vicheko zilimfikia akashindwa kulala. Alisimama kwenye ngazi akakataa kuingia mpaka aseme.

"Waliniweka gizani, mama, mbele ya kile chombo cha sauti. Wakaniambia tazama ukutani, mdomo wake ukifunguka na wewe fungua wako, lia, sema chochote. Kihungari chote kikanitoka kichwani. Chote! Yakabaki yale ninayowapigia wapishi kelele kutwa."

"Lakini ulilia vizuri," Mama Mdogo Bori akasema.

"Mwanzo nililia kwa woga. Halafu nikauona uso wako. Nikalia kweli. Nilikuwa sijui nalilia nini."

Mama mdogo alimtazama kwa muda mrefu, kama alivyonitazama mimi siku ile studio. "Hata mimi," akasema. "Ingia ndani, wewe. Angalia usikalie tambi."

Studio ilimwita tena Mama Mdogo Bori, kwa filamu ya mnyonya damu wa pili, kwa sababu wa kwanza alijaza kumbi. Mama mdogo aliniuliza atatakiwa kusema nini safari hii. Nikamwambia jibu la Bwana Pruett ni lilelile, lolote. "Basi mwambie nimepata mafua," akasema, na hakwenda.

Walikwenda Cleveland badala yake, wawili tu, kwa treni. Hawakuwa wamerudi huko tangu walipohama. Kaburi la Julis lilikuwa na alama ya ubao, na ubao haudumu. Walipofika makaburini walikuta njia zimebadilishwa, miti mipya imepandwa, na mahali pale pana vilima viwili vidogo vya nyasi visivyo na jina. Mama mdogo akasema ni hiki cha karibu na ukuta, anaukumbuka ukuta. Baba mdogo akasema ni kile cha karibu na bomba la maji, maana siku ya mazishi alinawa mikono pale. Wakabishana mpaka mtunza makaburi akatoka kuwaangalia. Kisha kila mmoja akaanza kukisadiki kilima cha mwenzake, wakabishana upya kwa kubadilishana pande.

Hayo nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hayalingani. Mama Mdogo Bori anasema mwishowe waliweka maua kwenye vyote viwili na kukaa katikati mpaka jua lilipowachoma. Baba Mdogo Gáspár anasema maua hayakuwepo, walisahau kununua. Walikuwa na mkate tu, wakaula hapohapo, na kwamba Bori alizungumza na nyasi muda wote, mara upande huu, mara upande ule, naye alikuwa amekaa mahali pazuri pa kumwona mdomo.

Nilimwuliza alikuwa anasema nini.

"Mengi," akanijibu kwa sauti iliyofika barabarani. "Habari za huku. Habari zako pia."